Safu Isiyokuwemo Kwenye Ripoti

Kila robo mwaka afisa ustawi wa jamii hujaza jedwali. Mashauri ya ndoa mangapi, madai ya matunzo ya watoto mangapi, watoto waliokinzana na sheria wangapi, waliopewa rufaa wangapi, waliofikishwa mahakamani wangapi. Pembeni kabisa kuna safu ya mashauri yaliyofungwa. Majedwali ya aina hiyo nimeyajaza tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na sasa nina nafasi ya kulisema lililokuwa likinikera: safu ya kuonyesha kama yule mtu alipata nafuu haimo. Shauri likifungwa, limefungwa. Pengine mume ameacha kupiga, pengine mke amechoka kuja ofisini. Jedwali linawahesabu sawa.

Siwalaumu waliolitunga. Serikali lazima ijue watu wangapi wamehudumiwa, la sivyo itapangaje maafisa na fedha? Lakini mama aliyetoka kata ya Ndevelwa, hapa Tabora, alfajiri, mtoto mgongoni, hakuja kuongeza hesabu ya robo ya tatu. Alikuja na jambo lake moja, na kinachomhusu ni kama jambo hilo limetengenea.

Ipo njia ya kulijibu swali lake, tena ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua. Wanataaluma huiita utafiti wa mhusika mmoja. Badala ya kukusanya watu mia tano na kutafuta wastani wao, unamchukua mtu mmoja, au kaya moja, unachagua jambo moja linaloweza kuhesabika, unalihesabu mara kadhaa kabla hujamsaidia, unaendelea kulihesabu unapomsaidia, kisha unautazama mstari. Yeye wa mwezi uliopita ndiye wa kulinganishwa na yeye wa mwezi huu. Vifaa vyake ni daftari la hesabu lenye vijisanduku, kalamu na uaminifu wa kuandika hata siku ambayo habari si nzuri.

Nilipoanza kuchora mistari hiyo ofisini, karani wetu aliyekuwa Mzaramo, na kwa hiyo mtani wangu tangu enzi za misafara ya Bagamoyo, alinisimamia mlangoni akacheka. "Mama Ustawi, ninyi Wanyamwezi babu zenu walibeba mizigo ya watu hadi pwani bila kuuliza ndani mna nini. Wewe leo unabebeshwa matatizo ya watu na unataka kuyapima?" Nikamjibu kwamba mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, kilo thelathini na ushei, na aliyeujua uzito wake hakuwa tajiri aliyeutuma, alikuwa mwenye bega. Tulitaniana, lakini jibu lile nililimaanisha.

Nieleze kwa mfano. Mfano huu nimeutunga kutokana na vipande vya mashauri mengi, na tarakimu zake ni za kuelezea tu, kwa sababu faili la mtu si habari ya gazetini.

Mwalimu wa malezi na unasihi wa shule moja ya msingi, kwenye vijiji vya tumbaku magharibi ya Tabora, anakuletea jina la mvulana wa darasa la tano. Haji shuleni. Baba yake analima tumbaku inayokaushwa kwa joto la moto, na kati ya Februari na Aprili majani yanapovunwa, bani, yaani banda la kuyakaushia, linawaka usiku na mchana. Moto wa bani hauachwi peke yake: ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaharibika rangi na daraja linashuka sokoni. Lazima mtu akeshe. Baba anakesha, kaka anakesha, na mtoto wa darasa la tano naye anakesha, halafu asubuhi analala.

Afisa wa kawaida atapanda pikipiki siku hiyohiyo, atamfokea baba, atanukuu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ataandika "familia imepewa ushauri" na kufunga faili. Afisa anayepima hataanza na baba. Ataanza na daftari la mahudhurio. Hapo ndipo uzuri wa shauri la utoro: shule ilikuwa ikikuhesabia hata kabla hujafika. Unachukua juma baada ya juma na kuandika siku alizohudhuria kati ya tano. Tuseme unapata 2, 3, 1, 2, 3. Majuma hayo matano ndiyo kipindi cha msingi. Hujafanya lolote bado, lakini tayari unajua mengi: mtoto hajaacha shule, anakuja kwa kusuasua, juma lake bora ni siku tatu, na mstari wake haupandi wala haushuki.

Lakini daftari la mahudhurio nalo lina mambo yake. Wapo walimu wanaoita majina saa mbili na wapo wanaoweka alama za vema kwa mkupuo Ijumaa mchana. Kwa hiyo ni vizuri kutafuta shahidi wa pili, na shahidi huyo yumo ndani ya begi la mtoto. Kila daftari la mwanafunzi lina tarehe juu ya ukurasa. Fungua la hesabu na la Kiswahili, soma tarehe, linganisha na za mwalimu. Zikipishana sana, amini tarehe za mtoto. Na kabla ya yote hayo mkubaliane na mwalimu nini kinahesabika kuwa siku ya shule. Aliyefika saa nne akasinzia hadi kengele ya kutoka, amehudhuria? Mimi ningeweka kipimo kwamba awe darasani kuanzia kipindi cha pili na awe ameandika kitu. Ukikiweka kipimo mwanzoni, usikilegeze katikati ya safari kwa sababu unatamani mstari upande.

Sasa ndipo unakwenda nyumbani. Mnakaa na baba, mama, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji. Baba si mtu mbaya. Ana deni la pembejeo kwenye chama cha msingi cha ushirika, na bani likiharibika hana pa kulipia. Mnakubaliana zamu za usiku zisimguse mtoto kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, jirani mwenye bani la karibu asaidiane na kaka, na mwalimu apeleke taarifa siku ileile mtoto asipoonekana. Makubaliano hayo ndiyo tunayoita afua. Unaandika tarehe yake, unachora mstari wa wima kwenye daftari lako la vijisanduku, na unaendelea kuhesabu upande wa pili: 3, 4, 4, 5, 4, 5.

Kusoma mchoro huo hakuhitaji shahada. Tazama kwanza urefu: kabla ya mstari wa wima nukta ziko chini, baada yake ziko juu. Tazama mwelekeo: zilikuwa zimelala, sasa zinapanda. Tazama kama zinarukaruka kiasi cha kukunyima imani. Kisha fanya hesabu moja tu. Juma bora kabla ya afua lilikuwa la siku tatu. Baada ya afua, majuma matano kati ya sita yamelipita hilo. Wataalamu wa elimu maalumu walianza kukitumia kipimo hicho mwaka 1987, na mpaka leo kinatumika, pamoja na vingine vigumu zaidi ambavyo afisa wa kata havimhusu.

Hapo wengi husimama na kupiga makofi. Mimi sisimami, na nitasema kwa nini, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Tumbaku ina kalenda. Kuanzia Mei, kazi ya moto imekwisha, watu wanapanga madaraja, wanafunga marobota na kusubiri soko. Mtoto anayerudi shuleni mwezi huo huenda amerudishwa na makubaliano yenu, au huenda amerudishwa na bani kuzimika. Mchoro wako mzuri hauwezi kutenganisha mawili hayo. Na Tabora nzima inaendeshwa na kalenda ya namna hiyo. Malipo ya tumbaku yakitoka, pombe na ugomvi wa ndoa vinaongezeka. Fedha zikiisha, nyumba zinatulia, na afisa aliyesuluhisha mwezi huo anajiona hodari. Maembe yakiiva kuelekea mwisho wa mwaka, watoto wanashiba barabarani, na anayehesabu milo ya kaya maskini atadhani mradi wake umefaulu. Kila anayefanya kazi hii mkoani kwetu awe na kalenda ya kilimo ukutani karibu na kalenda ya serikali.

Dawa ya shaka hiyo ilipatikana mbali sana na hapa. Mwaka 1964 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, waliandika habari za mtoto wa kike wa shule ya awali, wa miaka mitatu na miezi kadhaa, aliyekuwa anajua kutembea lakini amerudia kutambaa. Walimu walikuwa wakimkimbilia na kumbembeleza kila anapotambaa. Wakabadilisha: akitambaa wanamwacha, akisimama wanamshughulikia. Mtoto akaanza kutembea. Lakini je, hakutembea tu kwa sababu siku zilikuwa zimefika? Wakafanya jambo la kushangaza. Wakarudia ya zamani, wakawa wanamshughulikia akitambaa, naye akarudi sakafuni. Wakageuza tena, akainuka tena. Sasa hakuna wa kusema ilikuwa bahati. Ukiwasha inawaka, ukizima inazimika, basi swichi ni hiyo.

Njia hiyo inaitwa ya kugeuza na kurudisha, na kwa mantiki haina mpinzani. Kwa kazi yetu, mara nyingi ni haramu. Siwezi kumwambia baba, "Mrudishe kijana kwenye moto kwa majuma matatu ili nithibitishe." Siwezi kumwondoa mama kwenye nyumba salama nione kama atapigwa. Na hata ningeweza, mambo mengi tunayofundisha hayafutiki: mzazi aliyejifunza kuzungumza na mwanawe bila fimbo hawezi kusahau kwa agizo langu. Nadhani ndiyo sababu baadhi ya wenzangu walipofundishwa njia hii chuoni waliiona ni ya wanasaikolojia wa maabara, wakaiacha hukohuko kwenye mtihani.

Ila kuna njia ya tatu, na hii ndiyo ninayoipigia debe, kwa sababu umaskini wetu wa usafiri umetuandalia. Tuseme mwalimu hakukupa jina moja, amekupa matatu, kutoka kaya tatu. Huwezi kuzifikia kwa wakati mmoja. Pikipiki ni moja, mafuta ni ya mgawo, njia mwezi wa Machi ni tope. Basi anza kuhesabu mahudhurio ya watoto wote watatu siku moja. Kaya ya kwanza uitembelee juma la tano, ya pili juma la nane, ya tatu juma la kumi na moja. Wakati unazungumza na baba wa kwanza, wale wawili bado wanahesabiwa tu. Mstari wa kwanza ukipanda ilhali wa pili na wa tatu imelala, kisha wa pili ukapanda ulipofika wewe na si kabla, kisha wa tatu vilevile, bani kuzimika hakuwezi kuwa sababu, kwa kuwa mabani yote matatu yamo kwenye msimu mmoja. Hukumnyima mtu huduma kwa ajili ya utafiti. Ulikuwa unachelewa hata hivyo. Sasa kuchelewa kwako kumezaa ushahidi. Na ikiwa mistari yote mitatu imepanda siku moja, uwe muungwana ukubali kwamba ni msimu.

Nieleze pia nini hakipaswi kungojewa. Mtoto aliyevunjwa mkono hawekewi kipindi cha msingi. Unamwondoa, unampeleka hospitali na fomu ya polisi ya PF3, unawaita Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kupima kutaanza baadaye. Hata hapo si lazima ukose picha ya nyuma. Kadi ya kliniki, daftari la zahanati na rejista ya shule vinaweza kukupa miezi iliyopita bila kumchelewesha mtoto dakika moja. Picha hiyo haitakuwa safi, lakini itazidi kumbukumbu ya jirani.

Na kupima kwenyewe kunaweza kuumiza. Mwanamke anayeishi na mume mkali ukimpa daftari la kuandika siku za vipigo, umempa ushahidi utakaomponza siku litakapoonekana chini ya godoro. Kwa mashauri hayo mhesabu pamoja kwa mdomo, yeye anapokuja, kwa kutumia alama za siku anazozikumbuka: siku ya gulio, Ijumaa, siku ya kikoba. Asiyejua kusoma anaweza kutumia punje za mahindi kwenye mkebe, punje moja kwa kila usiku aliolala kwa amani. Kuhesabu amani ni salama kuliko kuhesabu vipigo. Mkebe wa mahindi haumshtui mtu. Ila ujue kwamba kuhesabu kunabadilisha mhesabuji. Mama anayejua kwamba Jumanne ataulizwa anaanza kuyaona mambo aliyokuwa ameyazoea, na pengine kuyachoka. Hiyo ni faida kwake na tatizo kwa mchoro wako, na mimi nitachagua faida yake siku zote.

Mambo haya yalianzaje? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wa kumbukumbu ambao mhusika wake alikuwa yeye peke yake. Alijikaririsha silabi zisizo na maana na kujipima anazisahau kwa kasi gani. Mmarekani B. F. Skinner akaja baadaye na wanyama wake mmojammoja, na wanafunzi wa mkondo wake wakaipeleka njia hiyo kwenye shule na hospitali. Lakini iliyoileta kwenye ustawi wa jamii ni fedheha. Mwaka 1973 mtaalamu wa fani yetu huko Marekani, Joel Fischer, alichapisha makala iliyouliza kama kazi ya kumhudumia mtu mmojammoja inafaa kitu. Alizipitia tafiti zilizolinganisha waliohudumiwa na wasiohudumiwa, na hakuona ushahidi kwamba waliohudumiwa waliishia pazuri zaidi. Unaweza kufikiria kelele zilizofuata.

Mwaka uleule wa 1973 Bunge letu lilitunga Sheria Namba 26 ya kuanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, tulifungua mlango wa darasa wakati wenzetu wakongwe wanaulizana kama somo lina maana. Sioni kwamba tulikosea. Waliotutangulia walijibu kelele zile kwa namna mbili. Wengine walikasirika tu. Fischer mwenyewe, pamoja na Martin Bloom, waliandika kitabu cha kumfundisha afisa kujipima kazini, kikatoka mwaka 1982, na kwa miaka mingi kimekuwa msahafu wa jambo hili. Aliyeuliza swali la kuudhi akarudi na chombo cha kulijibia. Namheshimu kwa hilo.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ninaoujua unatoka Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 2005 zilichapishwa habari za watoto sita wa Kisomali, wa miaka 12 hadi 17, waliokuwa wakisumbuliwa na kiwewe cha vita. Walipewa vikao vinne hadi sita vya kuisimulia safari ya maisha yao tangu mwanzo, kila mtoto peke yake na mtaalamu, wakisaidiwa na vitu vya kuonyesha na kuchora. Walipimwa kabla, mara baada ya vikao, na tena miezi tisa baadaye. Dalili zilipungua na hazikurudi. Hiyo ni kazi njema, na ingawa ni ya watu sita tu, imesomwa dunia nzima. Hata hivyo, kwa jicho la mchoro wangu, kupima mara moja kabla ya huduma hakutoshi. Nukta moja haionyeshi kama mtoto alikuwa tayari anapona mwenyewe. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka 2010 kwa tafiti za aina hii inataka vipimo vitano katika kila kipindi, na vikipungua sana visiwe chini ya vitatu.

Naitaja Nakivale kwa sababu nasi tulikuwa na Ulyankulu. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, na wengi wa familia zile leo ni raia wa Tanzania. Maafisa wangapi walipita pale, wakasikiliza, wakatuliza, wakafundisha! Kilichobaki kwenye makabati ni idadi ya waliofikiwa.

Idadi kubwa zina kazi yake, sikatai. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulituambia kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Bila takwimu hizo huenda tusingekuwa na mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18, wala kamati za ulinzi hadi kijijini. Lakini takwimu za nchi haziwezi kumwambia afisa wa kata kama binti aliyekaa mbele yake, aliyekuwa hasemi, sasa anasema.

Zipo hoja dhidi yangu, na zenye nguvu. Ya kwanza ni kwamba mtu mmoja ni mtu mmoja. Kilichomsaidia mvulana wa bani hakitamsaidia wa mgodini. Kweli. Ndiyo maana mchoro mmoja ni jibu kwa mtu mmoja, na maafisa kumi wakirudia afua ileile kwa watoto kumi, kila mmoja na mchoro wake, ndipo tunaanza kuzungumza juu ya kanuni. Ya pili ni muda. Afisa mmoja ana kata nyingi, na mashauri yanamfuata hadi sokoni. Jibu langu ni kwamba asipime yote. Apime machache anayoyashughulikia kwa muda mrefu, na achague kinachohesabiwa tayari na mtu mwingine, kama shule au zahanati.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa, nayo ni ya Tabora yenyewe. Mji huu ni wa wapitaji. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikutana hapa. Mmisionari Livingstone alikaa Kwihara, kando ya mji, mwaka 1872 miezi mingi akisubiri wapagazi, akaondoka Agosti na hakurudi tena akiwa hai. Reli ilipofika mwaka 1912, kisha ikaenda Kigoma na baadaye Mwanza, kupita kukawa ndiyo kazi ya mji. Kila msimu vibarua wa tumbaku wanatoka Kigoma na hata ng'ambo ya mpaka, na mavuno yakiisha wanaondoka na watoto wao. Mtoto wa mtaani anayeshuka stesheni leo, kesho kutwa yuko Isaka. Mstari wake unakatika kabla haujasema kitu. Hilo halina ufumbuzi mzuri. Kuna nafuu moja tu: faili limfuate mtu. Afisa wa Tabora ampe mwenzake wa Kigoma karatasi ile ya vijisanduku pamoja na barua ya rufaa, na mwenzake aendelee kuhesabu kitu kilekile kwa namna ileile. Tabora ndiko kulikokuwa na Chuo cha Uhazili, na mpaka leo kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma iko hapa ikifundisha utunzaji wa kumbukumbu. Mji uliowafundisha makatibu muhtasi wa nchi nzima usishindwe kusafirisha karatasi moja.

Ninalolitaka kwa halmashauri ni dogo. Ongezeni safu moja kwenye jedwali la robo mwaka: mashauri yaliyopimwa kabla na baada, na mangapi yameonyesha nafuu. Msimwadhibu afisa atakayeandika kwamba nafuu haikuonekana, la sivyo mtafundisha watu kuchora mistari ya uongo.

Na kwako msomaji, ambaye pengine kesho utapeleka shauri lako la matunzo ya mtoto, au la kijana anayekushinda, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii: baada ya kusikilizwa, kabla hujainuka kitini, muulize afisa kwa heshima, "Tutajuaje kama nimesaidika, na tutahesabu nini?" Ni haki yako kuuliza. Akikosa jibu, mwombe mlitafute wote wawili siku hiyohiyo, kabla hamjaanza.